Kutoka Hekalu la Fenesi hadi Mti wa Laichi: Siku Moja kwa Baiskeli

Ndani ya ua wa Hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, katika wilaya ya Huangpu mashariki mwa jiji la Guangzhou, kuna sanamu ya mtu aliyeweka kiganja juu ya macho kama anayekinga jua. Wenyeji wana hadithi yake. Alikuwa mjumbe aliyekuja kwa meli zama za enzi ya Tang, kutoka nchi ya mbali upande wa India. Akashuka kutoa heshima zake hekaluni, akapanda mbegu mbili za fenesi alizokuja nazo, kisha akazubaa na mandhari. Aliporudi ufukweni, meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Akasimama palepale siku baada ya siku, mkono juu ya macho, hadi mauti yakamkuta. Watu wakamhurumia, wakamchongea sanamu, wakaivika joho na kofia ya Kichina na kuipa nafasi miongoni mwa miungu wadogo wa hekalu. Hekalu lenyewe wakaliita Boluo, jina wanalolihusisha na tunda lile la fenesi.

Mbele ya lango hilo, saa 12 asubuhi, jua la Juni likiwa ndiyo kwanza linachomoza, ni mahali pazuri pa kukutana kwa kundi la waendesha baiskeli linalotaka kuivuka Huangpu kutoka kusini hadi kaskazini, kisha kuingia wilaya jirani ya Zengcheng kabla jua halijatua. Safari yote ni kati ya kilomita 60 na 80, kutegemea njia za mkato na za mzunguko watakazochagua. Watu hufika mmoja mmoja. Huyu anajaza upepo tairi la nyuma, yule anakaza skrubu ya kiti, mwingine anagawa ndizi kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Kiongozi wa safari hana hotuba. Anapita katikati yao akihesabu vichwa, na idadi anayoipata ataishika kichwani mpaka jioni.

Bandari kabla ya baiskeli

Kwa Waswahili wengi Guangzhou ni mji wa mizigo. Ni vyumba vya kupanga vya mtaa wa Xiaobei, ni Maonyesho ya Canton yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, ni kontena linalosubiriwa Dar es Salaam au Mombasa huku mwenye mali akihesabu siku. Huangpu imekuwamo katika biashara hiyo muda mrefu kuliko maghala yote yanayoonekana leo. Kati ya 1757 na 1842, Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na meli za Ulaya. Meli kubwa hazikuweza kupanda mto mpaka mjini kwa sababu ya kina kidogo, hivyo zilitia nanga Huangpu, mahali ambapo mabaharia wa Kizungu walipaita Whampoa, na shehena ikahamishiwa kwenye mashua. Meli ya kwanza ya Marekani kufika China, Empress of China, ilitia nanga hapo mwaka 1784.

Lakini hekalu ni la zamani zaidi ya hayo yote. Lilianzishwa mwaka 594 kwa amri ya mfalme Wen wa enzi ya Sui, ili wasafiri wa baharini wawe na pa kuombea kabla ya kutweka tanga. Lango lake la mawe limechongwa maneno manne ya Kichina yanayoombea bahari isiinue mawimbi. Waarabu na Waajemi walipita katika maji haya karne nyingi kabla ya Wazungu. Mwaka 1980 Oman iliamua kuonyesha jinsi safari hiyo ilivyowezekana: ikaunda jahazi lililoitwa Sohar, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa zamani. Likiongozwa na mwandishi na msafiri Tim Severin, liliondoka Muscat Novemba 1980 na kufika Guangzhou Julai 1981.

Leo mto haupo tena miguuni pa hekalu. Tope la karne nyingi limeusogeza mbali, na pale palipokuwa na maji sasa kuna nchi kavu, barabara na mitambo. Sanamu ile inatazama meli ambayo, hata ingerudi, isingepata pa kufunga kamba.

Mstari mmoja, kama sindano na uzi

Kilomita kumi za mwanzo hazina uzuri wa kupigia picha. Eneo la viwanda la Guangzhou lilianzishwa mwaka 1984, miongoni mwa maeneo ya kwanza ya China kufunguliwa kwa wawekezaji wa nje, na sehemu yake kubwa imo humuhumu Huangpu. Malori yenye makontena hupita karibu hadi upepo wake unayumbisha usukani. Hapa kundi hukaa mstari mmoja. Sheria ya usalama barabarani ya China inawakataza waendesha baiskeli kwenda sambamba huku wameshikana, kufukuzana, au kwenda kwa kujipinda. Mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi kabisa kuendesha baiskeli barabarani.

Ndani ya mstari huo kuna lugha ya mikono. Kidole kinachoonyesha chini upande wa kushoto maana yake kuna shimo kushoto. Kiganja kilichofunguliwa nyuma ya mgongo maana yake punguza mwendo. Aliye mbele akiona kokoto hupaza sauti, wa nyuma yake akarudia, na neno likasafiri hadi mkiani kama ndoo ya maji inavyopokezanwa kwenye moto. Asiyepitisha neno amewaponza walio nyuma yake.

Wa mwisho kabisa ni mfunga msafara. Kazi hii haipewi mgeni. Mfunga msafara hubeba pampu, viraka, solusheni, tyubu za akiba, kifaa cha kukatia na kuungia mnyororo, na dawa za huduma ya kwanza. Ana sharti moja tu: hampiti mtu. Mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu, naye anasimama. Mtu akiishiwa pumzi mlimani, naye atapanda kwa mwendo wa mtu huyo, hata kama mapaja yake yanaweza kumaliza kilima kile mara tatu. Kwenye njia panda, aliyetangulia husubiri hadi amwone wa nyuma yake, ndipo aendelee. Kwa utaratibu huo watu 20 wanaweza kutawanyika kwa zaidi ya kilomita moja na bado wakawa kundi moja.

Wengi katika makundi ya namna hii wana mvi. Sababu haiko mbali. Kwa miongo mingi mfanyakazi wa kike wa kiwandani nchini China alistaafu akiwa na miaka 50, na mwanamume akiwa na 60. Ni Januari 2025 tu ndipo serikali ilipoanza kuongeza umri huo polepole. Matokeo yake ni watu wengi wenye nguvu, pensheni, na siku za katikati ya wiki zisizo na bosi. Karibu nao utamkuta mwanafunzi mwenye baiskeli ya kukodi, na mfanyakazi wa kampuni ya teknolojia mwenye baiskeli ya kaboni ya bei ya pikipiki mpya.

Vitu vitatu vinavyozunguka

Wazee hao wanaikumbuka China nyingine. Miaka ya 1970, kijana aliyetaka kuoa alitarajiwa awe na vitu vitatu vinavyozunguka na kimoja kinachotoa sauti: baiskeli, cherehani, saa ya mkononi, na redio. Mzee wa Kiswahili akiisikia orodha hiyo hahitaji mkalimani, maana ndiyo vitu vilivyompa mtu heshima Tabora, Kisumu na Bukavu miaka hiyohiyo. Hata baiskeli zenyewe zilikuwa ndugu. Phoenix iliyobeba mkaa, maziwa na wagonjwa katika vijiji vya Tanzania na Uganda ilitoka Shanghai. Guangzhou nayo ilikuwa na ya kwake, Wuyang, maana yake mbuzi watano, kwa jina la mbuzi wa hadithi wanaosemekana kuuletea mji huo mbegu za mpunga.

Kisha yakaja magari. Kuanzia miaka ya 1990 miji ya China ilipanua barabara kwa ajili yake, na njia za baiskeli zikaliwa kidogo kidogo. Baiskeli ikageuka kuwa alama ya mtu ambaye bado hajafanikiwa.

Kurudi kwake Guangzhou kuna mwaka unaoweza kutajwa: 2010. Februari mwaka huo jiji lilifungua njia ya mabasi ya mwendokasi yenye urefu wa kilomita 22.5, kutoka wilaya ya Tianhe hadi Xiayuan huko Huangpu, na pembeni mwa vituo likaweka baiskeli za kuazima ili abiria amalizie safari yake kwa pedali. Mradi huo ulipata Tuzo ya Usafiri Endelevu mwaka 2011. Dar es Salaam, iliyofungua mwendokasi wake mwaka 2016, ilipata tuzo hiyohiyo ya kimataifa mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2010 jimbo la Guangdong likaanza mradi mkubwa zaidi: mtandao wa njia za kijani katika bonde la Mto Lulu. Mpango ulichora njia kuu sita zenye jumla ya karibu kilomita 1,700, zikiunganisha miji tisa kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Wazo lilishajaribiwa Zengcheng tangu 2008, pale wilaya hiyo ilipojenga njia kando ya mto wake na kuwavuta watu wa mjini kuja kula, kulala na kununua matunda vijijini. Nia ilikuwa mkulima apate soko mlangoni pake bila kiwanda kujengwa juu ya shamba lake.

Pale ambapo hewa inabadilika

Kuelekea saa 2 asubuhi kundi huwa limefika Luogang. Hadi 2014 hii ilikuwa wilaya yake yenyewe, kabla ya kuamuliwa iunganishwe na Huangpu ya zamani na kufanya wilaya moja ya kilomita za mraba 484. Kusini ni bandari na viwanda, kaskazini ni vilima, mabwawa na mashamba. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili hauna kibao, lakini pua inaujua. Harufu ya dizeli inakatika, inakuja ya majani yaliyolowa.

Luogang ina misimu miwili ya sifa. Desemba na Januari ni maua meupe ya miplamu, yanayofunika mabonde hadi mahali hapo pakaitwa theluji yenye harufu nzuri, ingawa theluji halisi Guangzhou ni kitu cha kuhadithiwa tu. Juni na Julai ni laichi. Tunda hili ni la ukoo mmoja na shokishoki la Zanzibar na Tanga: ganda jekundu, nyama nyeupe inayoteleza, kokwa ya kahawia katikati. Tofauti ni kwamba laichi halina nywele bali ganda lake lina vijiuvimbe kama ngozi ya kenge. Mkulima wa Luogang hatakuuzia laichi tu. Atakuuliza unataka nuomici, yenye kokwa ndogo na nyama nono kama andazi la mchele wa kunata ambalo limelipa jina, au guiwei, yenye harufu ya ua.

Tunda likichumwa halina subira. Ndani ya siku moja ganda linaanza kugeuka kahawia na utamu unashuka. Ndiyo maana katika karne ya 8 farasi wa posta ya mfalme walikimbizwa usiku na mchana, wakibadilishwa kituo kwa kituo, ili laichi za kusini zifike zikiwa mbichi kwa Yang Guifei, mke kipenzi wa mfalme Xuanzong. Leo mwendesha baiskeli anazipata zikiwa na umande, kwenye kikapu kando ya njia, na tatizo lake ni moja tu: azibebe wapi.

Mlima, upepo na mafuta

Baada ya Luogang njia inapanda. Si milima ya kutisha; ni vilima vya kuelekea Jinkeng, vyenye msitu, bwawa na kona nyingi. Ila unyevu wa Juni huifanya hewa iwe nzito kama blanketi lililolowa, na joto huweza kupita nyuzi 33 kabla ya adhuhuri. Mwili unaopiga pedali katika hali hiyo unaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Anayesubiri mpaka aone kiu amechelewa, na anayekunywa maji matupu bila chumvi anaweza kupata mkakamao wa misuli ya mguu kilomita chache mbele. Hivyo kila nusu saa kiongozi hupaza sauti kuwakumbusha watu kunywa, kama mwalimu wa chekechea.

Njaa nayo ina namna yake. Mwili huhifadhi sukari ya kutosha kazi nzito ya saa mbili hivi. Ikiisha, mtu hachoki pole pole, anazimika ghafla. Macho yanafifia, mikono inatetemeka, na kilima kilichokuwa kidogo kinageuka ukuta. Tiba yake ni ndizi, tende au kipande cha mkate, lakini tiba nzuri zaidi ni kula kabla.

Kwenye mwinuko mkali, wanaopita kwa gari hushusha kioo na kupiga kelele: *gayau!* Kwa Kikantoni neno hilo maana yake ni ongeza mafuta. Ndiyo kauli ya kumtia moyo mkimbiaji, mtahiniwa wa mtihani, mgonjwa, na mtu mzima mwenye jasho anayesukuma pedali kwa gia ya chini kabisa.

Kwenye tambarare ya upande wa pili inakuja siri nyingine ya kundi. Anayekwenda peke yake kwa kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupasua hewa. Anayejificha nyuma ya tairi la mwenzake, kwa umbali wa nusu mita au mita moja, anaweza kuokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu hizo. Wachina huita kazi ya aliye mbele *po feng*, kuvunja upepo. Hakuna anayeweza kuivunja siku nzima, hivyo wenye nguvu hupokezana: dakika chache mbele, kisha unajitoa pembeni, unaacha mstari ukupite, unajibandika nyuma. Mstaafu wa miaka 65 anaweza kwenda kwa mwendo ambao peke yake asingeuthubutu, kwa sababu vijana watatu wanamlia upepo.

Chakula cha nyumba ya mkulima

Adhuhuri kundi huwa limeshaiacha Huangpu na kuingia mji mdogo wa Zhongxin, ndani ya Zengcheng. Hapa ndipo pa kutafuta *nongjiale*, yaani furaha ya nyumba ya mkulima: mgahawa uliofunguliwa na familia ya kijijini, mara nyingi uani kwao, wenye meza za duara, feni kubwa na kuku wanaokatiza miguuni bila kujua ratiba ya siku. Chakula huagizwa cha pamoja. Kuku aliyechemshwa taratibu na kukatwakatwa, huliwa kwa tangawizi na kitunguu cha majani. Mboga za kijani zilizopitishwa kwenye moto mkali. Samaki wa bwawa. Wali, na supu ambayo Wakantoni wanaweza kuijadili kwa muda mrefu kuliko siasa. Mwisho bili inagawanywa sawa kwa sawa kwa simu, kila mtu akituma sehemu yake kabla hajanyanyuka.

Baada ya chakula, wasiolala kivulini huenda kutazama kijiji. Karibu na hapo kuna Kengbei, mojawapo ya vijiji vya zamani vilivyobaki na mpangilio wake wa enzi za Ming na Qing. Mbele kuna bwawa, nyuma kuna kilima, na katikati nyumba zimepangwa kwa safu zenye vichochoro vilivyonyooka kama meno ya kitana. Mpangilio huo ulikuwa na kazi: upepo unaopoa juu ya maji ya bwawa unaingia vichochoroni na kupuliza nyumba zote. Kuta za pembeni za baadhi ya nyumba zimepanda juu ya paa kwa umbo la duara, na watu huziita masikio ya karai, kwa sababu zinafanana na vishikio vya chombo hicho. Zilizuia moto usiruke kutoka paa hadi paa, na zilimwonyesha mpita njia kwamba mwenye nyumba si mtu wa hivihivi.

Vijiji vya namna hii vinapungua. Upande wa kaskazini wa Huangpu, pale palipokuwa na mashamba ya mji wa Jiulong, tangu 2010 unajengwa Mji wa Maarifa, mradi wa pamoja wa China na Singapore. Anayepita kwa baiskeli huona mambo mawili kwa mtazamo mmoja: mama mwenye kofia ya majani akipalilia mboga, na nyuma yake mnara wa ghorofa 30 bado una winchi juu. Mahali pengine bustani ya mboga imejibana katikati ya uzio wa ujenzi na lami, upana wake kama chumba kimoja, na bado imemwagiliwa asubuhi hiyo.

Chini na juu ya njia hiyohiyo inapita reli. Njia ya metro namba 21, iliyokamilika Desemba 2019, ina urefu wa zaidi ya kilomita 60 na inapita Zhenlong, Zhongxin na Zhucun hadi Uwanja wa Zengcheng, treni zake zikifika kilomita 120 kwa saa. Abiria anayesinzia humo anamaliza kwa kama saa moja safari ambayo kundi hili linaifanya kutwa nzima. Vikongwe wa Zhongxin huipanda kwenda hospitali za mjini, na hawamwelewi sana mtu anayelipa fedha nyingi kununua baiskeli ili asipande treni.

Pancha

Alasiri ndiyo saa ya pancha. Lami ya barabara ya zamani iendayo Shantou ina vipande vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori, vyembamba kama unywele, na kimoja tu kinatosha. Tairi linazomea, usukani unakuwa mzito, na neno linapita mstarini hadi mbele: simama.

Fundi baiskeli wa chini ya mwembe Morogoro angejisikia nyumbani. Gurudumu linatolewa, tyubu inavutwa, inajazwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni au dimbwi hadi povu lionyeshe tundu. Sehemu inakwaruzwa kwa msasa, inapakwa solusheni, inaachwa ikauke kidogo, kiraka kinabandikwa. Kabla ya kurudisha tyubu, kidole kinapitishwa taratibu ndani ya tairi kutafuta ule waya, maana asiyeutoa ataziba tundu lilelile tena baada ya kilomita mbili. Kwenye ziara ndefu wengi hubadilisha tyubu nzima na kuziba ile mbovu jioni. Dakika kumi, kama hakuna mashabiki wengi wanaotoa ushauri.

Taratibu hizi ni zilezile popote watu wanaposafiri kwa baiskeli kwa kundi. Tour d'Afrique, ziara iliyoanza mwaka 2003 na inayotoka Cairo hadi Cape Town kwa takriban kilomita 12,000 katika miezi minne, hupita Kenya na Tanzania ikiwa na gari la chakula cha mchana linalosubiri katikati ya njia na mtu wa mkiani anayehakikisha kwamba barabara nyuma yake haina mwenzao. Kinyume chake ndicho kilichoonekana katika jimbo la Henan Novemba 2024. Mchezo wa wanafunzi wachache waliokwenda usiku kutoka Zhengzhou hadi Kaifeng, umbali wa kilomita kama 50, kula andazi lenye supu ndani, uliigwa mpaka usiku mmoja zaidi ya watu 100,000 wakafurika barabara kuu kwa baiskeli za kukodi. Wakuu wa miji walilazimika kufunga njia. Hapakuwa na kiongozi, hapakuwa na mkia, na baiskeli zilizotelekezwa Kaifeng zilijaza mitaa.

Kuhesabu tena

Kuelekea saa 11 jioni njia inashuka kwenye tambarare ya mto Zengjiang, na kundi linaingia Licheng, mji mkuu wa Zengcheng. Katikati ya mji kuna uwanja uliojengwa kwa ajili ya mti mmoja. Umezungushiwa uzio na mfereji wa maji, kama boma la mfalme. Huu ni mlaichi mama wa aina iitwayo gualü, ambao inasemekana umepita miaka 400. Ganda la tunda lake ni jekundu lenye mstari wa kijani unaolizunguka, na hadithi inasema ni uzi wa kijani ulioachwa kwenye tawi na He Xiangu, mwanamke pekee miongoni mwa Wateule Wanane wasiokufa, ambaye wenyeji wanadai alizaliwa hapa. Mwaka 2002 tunda moja la mti huu liliuzwa kwenye mnada kwa yuani 555,000, zaidi ya dola 65,000 za wakati ule.

Hakuna mwendesha baiskeli anayelionja. Wanaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa mfereji, wanavua kofia ngumu, nywele zimelala kwa jasho, na wanafungua mifuko ya laichi za kawaida walizonunua Luogang asubuhi. Nyingine zimeshaanza kuwa kahawia. Mtu mmoja anapitisha chupa ya maji yenye chumvi kidogo, kwa kuwa Wakantoni wanaamini laichi likiliwa kwa wingi hupandisha joto mwilini, na chumvi hulituliza.

Kiongozi hajakaa. Anahesabu vichwa, anapungukiwa na wawili, anatazama upande wa barabara walikotoka. Jua limeshuka na linampiga usoni, hivyo anaweka kiganja juu ya macho. Baada ya dakika kadhaa wanatokea kwenye kona: mbele mwanamke mwenye baiskeli ya kukunja, magurudumu yake madogo yakizunguka haraka haraka, na mita tatu nyuma yake mfunga msafara, pampu ikining'inia ubavuni. Kiongozi anahesabu upya tangu mwanzo. Idadi inapokuwa ileile ya asubuhi, anakaa chini, anavua viatu, na kuomba naye apewe laichi.